Mezani pa Bwana Hapana Msagane

Katika Marekani kumekuwa miaka hii na mabishano makali juu ya jambo hili: kwamba katika kazi, shule na mabaraza, watu wa kila namna wapewe mahali, wanaume kwa wanawake, weusi kwa weupe, wazima na wenye ulemavu, kwamba kila mmoja atendewe haki kwa kadiri ya hali yake, na kwamba aliyekuwa nje akaribishwe ndani. Makampuni na vyuo vikuu viliweka maofisa wa kuliangalia. Kisha tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuziondoa kazi za namna hiyo katika serikali kuu yao. Wengine walishangilia, wengine walihuzunika, na katika pande zote mbili walikuwamo Wakristo wenye Biblia mkononi.

Waalimu waliosikia habari hizo redioni huuliza, Je, sisi tuseme nini? Mambo ya Marekani twawaachia Wamarekani. Lakini swali lenyewe, yaani nani aketi mezani na nani asimame mlangoni, si geni katika wilaya za Tarime na Serengeti. Huku lina jina lake, nalo hutamkwa visimani na minadani pasipo haya. Jina hilo ni msagane.

Kwa desturi ya Wakurya msagane ni mwanamke asiyekeketwa. Neno hilo lingaliweza kuwa jina la umri tu, kama vile watu wa pwani wasemavyo kigori. Lakini limekuwa tusi. Mwanamke aweza kuwa amesoma, ameolewa, amezaa na kulea, na bado akahesabiwa kuwa mtoto kwa sababu kisu hakijamgusa. Wenziwe wa rika humcheka. Mama mkwe humwonea haya mbele ya majirani. Baba yake huambiwa kwamba ng'ombe wa mahari watapungua, na kwa mtu aliyekwisha kuwahesabu ng'ombe hao moyoni, au aliyewategemea kwa mahari ya mwanawe wa kiume, neno hilo lina uzito kuliko hotuba kumi za mganga mkuu. Hivyo binti wa miaka 12 hujikuta kati ya kisu na aibu, naye hana wa kumwuliza, maana wote awapendao wamesimama upande wa kisu.

Na tuwaambie wasomaji walio mbali jinsi mambo haya yaendavyo. Msimu huja mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa, hasa katika miaka ile inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wa kila ukoo hukutana na kutangaza siku. Ngariba hulipwa kwa kila kichwa, na sehemu ya fedha hizo huwaendea wazee. Basi wako watu ambao kwao msimu ni mavuno. Wasichana hupambwa, hutembezwa barabarani kwa nyimbo na zawadi, na khanga hutandazwa. Kwa siku moja binti ambaye hakuna aliyemtazama huwa malkia wa kijiji. Tusiisahau siku hiyo, maana nguvu ya desturi hii haimo katika kisu peke yake. Imo pia katika kupokewa. Anayekatwa huambiwa, Sasa u mtu, sasa u wetu. Nani asiyetaka kuambiwa hivyo?

Hasara yake waijua wauguzi: damu isiyokoma, pepopunda, uzazi mgumu baadaye, na wale ambao hawakurudi kutoka porini. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2022 ulionyesha 28. Hesabu imeshuka, nasi twashukuru. Lakini kumbukeni kwamba mkoani humo wamo Waluo na Wajita, ambao desturi hii si yao kabisa, kwa hiyo katika vijiji vya Wakurya hesabu haina budi kuwa kubwa kuliko hiyo. Wala tusijidanganye kwamba wanaokatwa ni watoto wa wasioamini tu. Wengi wamebatizwa. Majina yao yamo katika madaftari yetu ya shule ya Jumapili.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na nyumba za Wakristo. Huwa twasikia watu wema wakisema, "Mwanangu amebatizwa, Mungu amempokea; lakini kwetu ukoo nao una haki yake, basi na apite huko pia." Wasemao hivyo hawajui, au wamesahau, kwamba baraza kuu la kwanza la Kanisa lilikutana kwa ajili ya neno lilo hilo. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 15. Watu walishuka toka Uyahudi wakawafundisha ndugu wa Antiokia kwamba mtu asipotahiriwa kwa desturi ya Musa hawezi kuokoka. Si wapagani waliosema hivyo; ni waumini, watu waliomcha Mungu na kuwaheshimu baba zao. Nao walikuwa na hoja yenye nguvu kuliko ya mzee yeyote wa Tarime, kwa kuwa tohara yao iliamriwa na Mungu mwenyewe kwa Ibrahimu, nayo imeandikwa katika Mwanzo 17. Hata hivyo mitume na wazee walipokwisha kuhojiana sana waliwaandikia Mataifa barua, na sharti la kisu halimo ndani yake.

Yatazameni mambo hayo vizuri. Ikiwa kisu kilichoamriwa na Mungu kwa wana wa Ibrahimu kilikataliwa kuwa mlango wa kuingilia, itakuwaje kisu ambacho hakikuamriwa mahali popote? Maana agano lile la Mwanzo lilihusu wanaume tu, wala katika Biblia nzima, toka mwanzo hata mwisho, hapana neno moja linaloagiza binti kukatwa. (Habari za jando la wavulana ni nyingine, hatuzishughulikii leo.) Mwalimu mmoja mwerevu aweza kutuuliza, Mbona Paulo alimtahiri Timotheo? Ndiyo, alimtahiri, kama isemavyo sura ya 16, naye Timotheo mama yake alikuwa Myahudi. Lakini Tito, aliyekuwa Myunani, watu walipotaka kumlazimisha, Paulo hakukubali hata kidogo. Someni Wagalatia 2. Palipokuwa na hiari alilegea. Walipotaka kufanya kisu kuwa kipimo cha kupokewa, alisimama kama mwamba.

Katika sura hiyo hiyo ya Wagalatia pana habari inayotugusa zaidi. Petro alikuwa akila pamoja na ndugu wa Mataifa kule Antiokia. Walipokuja watu kutoka Yerusalemu alijitenga, kwa kuwaogopa. Hakubadili imani yake; alibadili kiti chake tu. Hata hivyo Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa sababu kiti nacho ni mahubiri. Mzee wa kanisa ahubiriye Jumapili kwamba wote ni mmoja katika Kristo, kisha Desemba akanyamaza jamaa zake wanapomchukua mjukuu, huyo ameketi kiti alichokiendea Petro. Hofu yake twaielewa. Kutengwa na ukoo si jambo dogo katika nchi ambayo mtu huzikwa na ukoo, na ng'ombe zake zikiibwa hufuatiwa na ukoo.

Lakini mtu asidhani kwamba Injili yataka kufuta koo. Wanchari, Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wakira, Wanyamongo, na Wangoreme, Waikoma na Wanata walioko Serengeti: kila mmoja na asili yake, na misemo yake. Tofauti hizo ni mali. Huwa uovu zinapogeuka kuwa vipimo vya thamani ya mtu, kama zilivyogeuka katika mapigano ya koo na wizi wa mifugo uliolaza watu wengi makaburini, hata serikali ikaona haja ya kuweka Mkoa wa Kipolisi wa Tarime na Rorya. Kanisa nalo lina historia katika jambo hili. Wamennonite walipofika Shirati mwaka 1934, pande ambazo sasa ni Wilaya ya Rorya, waliwakuta Waluo na makabila ya Kibantu wakitazamana kwa macho ya pembeni. Na kati ya wamisioni na Waafrika palikuwa na ukuta mwingine. Uamsho wa mwaka 1942 uliwafanya watu waungame dhambi zao hadharani, mweupe mbele ya mweusi. Haukumaliza yote. Lakini mwaka 1967 Zedekia Kisare, Mluo, aliwekwa wakfu kuwa askofu Mwafrika wa kwanza wa kanisa hilo katika Tanzania, akawachunga Wakurya, Wazanaki na Wajita pamoja na Waluo wenzake, na kazi hiyo haikuwa rahisi kwake wala kwao.

Turudi kwa binti zetu. Je, kanisa lifanyeje? Wako wasemao, Na wafukuzwe wote wanaokeketa. Kwa hao twakumbusha mambo ya jirani zetu Wakikuyu. Mwaka 1929 misheni ya Church of Scotland na nyingine kadha wa kadha katika Kenya ziliwataka waumini na waalimu watie sahihi au alama ya kidole kukana ukeketaji, asiyetia aliondolewa. Maelfu walitoka. Watoto walipungua shuleni, zikazaliwa shule za kujitegemea na makanisa ya kujitegemea, na kisu kikawa bendera ya watu waliokwisha kukasirika kwa ajili ya ardhi yao. Januari 1930 mmisionari mwanamke, Hulda Stumpf, aliuawa kule Kijabe. Sisi twaona hivi: kuhusu kisu, wamisioni wale walisema kweli. Kosa lao lilikuwa kuuondoa mlango mmoja wa uongo na kuweka mwingine mahali pake, mlango wa wino. Mwanamke aliyekwisha kukatwa, ambaye hakuulizwa, alijiona ametupwa mara mbili.

Basi na sisi tuangalie. Mama zetu wengi walio kanisani wamekatwa. Hawana doa lolote kwa hilo, wala wasihubiriwe kana kwamba wanalo. Na ngariba atubuye apokewe, lakini asaidiwe kupata kazi nyingine, kwa kuwa toba isiyo na shamba wala kuku huwa na njaa kufikia Desemba.

Iko njia nyingine, nayo si mpya. Kule Masasi, kusini mwa nchi yetu, Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, hakuyapiga marufuku yote ya unyago na jando. Alijaribu kuyachuja, yaliyo mema yabaki chini ya sala za Kanisa. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu. Lakini alikuwa ameona jambo la kweli: mtoto anahitaji siku ya kuambiwa kwamba sasa amekua. Ukiiondoa siku hiyo usiweke kitu, umemwachia pengo, na pengo hilo ngariba hulijaza.

Ndiyo kazi ifanywayo Masanga, katika Wilaya ya Tarime, tangu mwaka 2008, na masista wa Kikatoliki wa Mabinti wa Upendo. Msimu ukikaribia, wasichana huja kukaa kambini. Hufundishwa habari za mwili wao, za sheria, za kazi na za heshima; tena mwisho hufanyiwa sherehe, na wazazi hualikwa, na nyimbo huimbwa. Binti hutoka akiwa mtu mzima machoni pa watu, bila damu. Wengine huja na wazazi wao. Wengine huja peke yao usiku, bila viatu. Katika Mugumu, mji mkuu wa Wilaya ya Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Aliyeisimamia, Rhobi Samwelly, alikatwa mwenyewe akiwa msichana na kukaribia kufa kwa kutokwa damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba Butiama na Mugumu. Na hapa kuna ajabu ya kupendeza: watu wa kujitolea katika nchi nyingi, ambao hawajawahi kuiona Serengeti, wamechora ramani za vijiji na njia zake kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, ili polisi na wasaidizi wakiitwa usiku waijue njia ya kufika kwa binti kabla ya mapambazuko.

Sheria nayo ipo. Bunge letu lilipitisha mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana aliye chini ya miaka 18 aliye katika uangalizi wake hupaswa kifungo cha miaka 5 hata 15, au faini, au vyote viwili. Kenya ilitunga yake mwaka 2011, nayo huwalinda wanawake wa umri wote, na kumhukumu hata yule amvushaye mtu mpaka ili akakatwe. Jambo lenye maana kwetu, kwa kuwa Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, na msimu ukibanwa huku huhamia kule. Lakini angalieni tundu lililo katika sheria yetu. Aliyetimiza miaka 18 haimlindi kwa jina. Binti aliyekimbia akiwa na miaka 13, akaokoka, akasoma, akaolewa, aweza kukutana na kisu kwa mama mkwe. Hapo hapana polisi. Hapo pana mume wake tu, na kanisa lake.

Nasi tumesikia manung'uniko juu ya nyumba hizo, nayo hayakosi maana. Mzazi maskini husema, "Wasichana waliokimbia wamepewa kitanda, sare na karo; wangu mimi mtii ana nini? Je, huu si upendeleo?" Swali hili ndilo linalowagombanisha hata Wamarekani, nalo Mitume walilikuta katika sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika chakula cha kila siku. Mitume hawakusema kwamba wote ni sawa, basi na wanyamaze. Hawakugawa mikate kwa hesabu moja na kuondoka. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo, na tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kanisa liliwapa ghala wale wale waliokuwa wakilia njaa.

Kwa hiyo twamjibu mzazi huyo kwamba aliyelala nje hupewa kitanda kwa sababu amekikosa, si kwa sababu apendwa zaidi; na mwanawe akikosa sare, basi naye aje aseme, maana ghala ni la wote. Lakini somo kubwa zaidi la sura hiyo latuhusu sisi viongozi. Katika mabaraza yetu yanayoamua habari za binti hawa, ni wanawake wangapi wameketi? Na miongoni mwao, ni wangapi waliowahi kuitwa msagane? Sharika nyingi hazina hata mmoja. Baraza la wanaume wenye mvi hujadili mwili wa mtoto wa kike, kisha hushangaa kwamba mtoto hakuwaendea wao bali alikimbilia kwa watawa.

Wengine husema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu, na kwamba wakiyapokea haya watapokea na mengine wasiyoyataka. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Fedha za mbali mara nyingi huja na masharti ya mbali, na Mkristo ana haki ya kupima kila neno kwa Neno. Ila katika jambo hili hana la kuogopa, kwani Antiokia si Ulaya, na Tito hakuwa Mwamerika. Na wasichana wanaokimbia usiku kutoka Nyamongo au Sirari hawajasoma kitabu cha mtu yeyote wa ng'ambo. Wamekataa tu.

Sasa habari za kazi. Waalimu, tangu Septemba ya mwaka wa msimu, sikilizeni darasani. Binti anayeanza kulia bila sababu, au anayesimulia kwamba shangazi anakuja na zawadi, au ambaye ghafla anaulizia anwani ya nyumba salama, msimpuuze. Pelekeni habari kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na kwa dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Msimfiche nyumbani kwenu kwa siri, hata kwa nia njema, mkaja kushtakiwa kwamba mmemwiba.

Msimu ukiisha, wasaidizi huwaendea wazazi. Huketi nao, wakaeleza sheria, wakasikiliza malalamiko yao, na mzazi aliye tayari hutia sahihi kwamba hatamkata mwanawe. Ndipo binti hurudi nyumbani na shule hufunguliwa Januari naye akiwemo. Wazazi wengi hutia sahihi. Wengine hukataa, na wako wanaosema mbele ya watu wote kwamba hawana tena mtoto wa jina hilo. Hao binti hubaki pale pale, mwaka mmoja, miwili, hata wamalize shule. Nyumba ya Kikristo iliyo karibu na shule ya sekondari, yenye nafasi ya kitanda kimoja na sahani moja zaidi, yaweza kumpeleka jina lake afisa ustawi wa jamii kabla ya Novemba.